Mgongo wa Naserian: Maisha ya Mama Lesian, 1974–2025

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Sombetini, na ninyi akina mama wa soko la Kwa Mrombo mliofunga meza zenu leo ili kumsindikiza mwenzenu, familia inaomba mketi vizuri, wenye watoto wawapakate, maana marehemu mwenyewe aliagiza kwamba habari zake zisomwe zote, na sehemu ya mgongo isirukwe.

Naserian alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 katika kijiji cha Olmotonyi, magharibi mwa Mlima Meru, akiwa mtoto wa nne wa mzee Lemomo na mama Hanna, ambao wote wamekwisha kututangulia. Alikuwa mtoto mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye vidole vyembamba hata mama yake alimtuma kutoa miiba kwenye miguu ya wenzake. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, akapata kipaimara mwaka uliofuata, na kwa kuwa nyumbani hakukuwa na uwezo wa kumpeleka sekondari, mwaka 1992 alianza biashara ya ndizi pamoja na dada yake Anyesi, wakinunua mikungu Tengeru na kuiuza mjini, wakiibeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama mama zao walivyobeba kuni na majani ya ng'ombe.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa takatifu na Arnold Lesikar, fundi mwashi wa Sombetini, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lesian aliyezaliwa mwaka 1998, Nalepo mwaka 2001, na Sironka mwaka 2006. Nyumba yao waliijenga wenyewe, baba akipanga tofali na mama akisogeza maji na mchanga, na kwaya ya akina mama ilipata ndani ya nyumba hiyo mahali pa kufanyia mazoezi na pa kunywa uji.

Ugonjwa wake haukuja kama ugonjwa. Kuanzia mwaka 2009 pete ya ndoa ilianza kumbana, ikafika siku sonara akaikata, viatu navyo vikapanda kutoka namba thelathini na nane hadi arobaini na mbili, sauti ikawa nzito hata kwaya ikamhamishia safu ya nyuma, na meno yakaachana. Sokoni walimtania, "Mama Lesian, leo umeazima viatu vya baba?" naye akawajibu, "Na yeye kavaa vyangu, ndiyo maana mpaka sasa hajafika kazini," wakacheka wote, ndizi zikauzwa.

Lakini Olmotonyi hawakucheka, walifurahi. Babu yake mzaa baba, mzee Meitamei, alikuwa mtu wa mifupa mikubwa, mwenye taya pana na mikono kama sepetu, na wazee walipouona uso wa mjukuu unavyobadilika walisema babu amerudi, wakaanza kumkalisha mbele kwenye shughuli za ukoo na kumpa kigoda alichokalia babu huyo enzi za uhai wake. Naserian alikuja kusema baadaye kwamba heshima ile ilikuwa tamu, na kwamba si rahisi mtu kwenda hospitali kulalamikia kitu ambacho ukoo mzima unakipigia vigelegele.

Mgongo ulianza kumuuma mwaka 2012. Alichomwa sindano za maumivu, akanunuliwa mkanda, akakandwa kwa maji ya moto, na kila aliyemwona alisema ni mikungu, apumzike kidogo, naye akapumzika kidogo na kurudi Tengeru. Kufikia mwaka 2016 alikuwa ameanza kupinda kama bibi kizee, na tena akawa haoni pembeni, anagonga vikapu vya wenzake na kuomba radhi kutwa. Alipokwenda kupima macho, daktari aliitazama mikono yake kwanza, akamwomba picha yake ya zamani, na alipoletewa ile ya harusi aliziweka sura mbili pamoja, akamweleza kwamba kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kuna uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji kwa mtu ambaye alikwisha kukua, na kwamba homoni hiyo ndiyo iliyopanua mikono, miguu na taya, na ndiyo iliyoharibu mgongo. Picha za mgongo zilionyesha pingili mbili zimekwisha kubonyea, na kilichomshangaza ni kuambiwa kwamba mifupa yake ilikuwa minene kwa kuitazama lakini dhaifu ndani.

Kabla ya kupelekwa Dar es Salaam kwa upasuaji, Naserian aliweka nadhiri mbele ya kwaya yake kwamba akirudi na macho ya kuwaona wanawe, atabeba mkungu wa ndizi kwa mgongo wake mwenyewe kutoka lango la kanisa hadi madhabahuni. Alipasuliwa tarehe 6 Juni 2017, uvimbe ukatolewa kupitia puani, akaanza sindano za kila mwezi, na ndani ya mwaka mmoja uso ulikuwa umetulia, macho yamerudi, vipimo vya homoni vinapendeza. Madaktari walifurahi naye, lakini walimwonya asibebe kitu kizito kuliko birika la chai, kwa sababu pingili za mtu wa ugonjwa huu huweza kuvunjika hata baada ya homoni kushuka.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mume wake alitaka Lesian abebe mkungu na mama atembee kando ameugusa, Anyesi akaunga mkono, lakini wengine walisema nadhiri haina kaimu. Naserian aliwasikiliza wote, akasema, "Baba Lesian, mdomo uliosema ni wangu, na mgongo niliousema ni wangu," akachagua mkungu mdogo kuliko yote, uliochekwa hata na watoto.

Jumapili tarehe 25 Novemba 2018, siku ya shukrani ya mavuno, waumini wakipeleka mbele mahindi, kuku na mbuzi wa mnada, Naserian aliingia na mkungu wake mgongoni, akatembea vizuri hadi mbele, na alipoinama kuutua, mgongo ulilia kama kuni kavu, akakaa kwenye ngazi ya madhabahu. Kanisa zima lilidhani amepiga magoti kwa furaha, vigelegele vikapanda, kwaya yake ikarudia kiitikio mara ya pili na ya tatu ili kumpa nafasi ya kuomba, na ni Arnold peke yake, aliyeujua uso wa mke wake, aliyekimbia. Miguu haikumtii tena tangu siku hiyo, ingawa alipasuliwa mgongo mwezi uliofuata.

Miaka sita aliyokaa kwenye kiti cha magurudumu ilikuwa migumu, na maneno yaliifanya migumu zaidi. Wapo waliosema alificha dhambi siku ya nadhiri, na wapo waliosema kwamba madaktari walipomwondoa babu kichwani, babu akahamia mgongoni. Maneno hayo yalifika mbali, hata wageni waliokuja Januari mwaka jana kumposa Nalepo waliomba muda wa kutafakari, na hadi leo bado wanatafakari. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko kidonda alichokipata kwa kukaa na kulala muda mrefu, kwamba watoto wake wataitwa nyumba ya laana kwa sababu ya mifupa ya mama yao.

Februari mwaka huu alipata homa ya mapafu, kifua kilichopinda kikashindwa kupumua vizuri, akalazwa, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka hamsini, mume wake na Nalepo wakiwa kando yake. Siku tatu kabla, alimwambia Anyesi maneno haya, akamtaka ayarudie hadi ayashike: "Waambie Mungu hakunivunja, na mimi sikumdanganya. Nilikuwa mgonjwa wa mifupa, nikabeba. Basi."

Familia inayasema hayo leo mbele yenu wote, wenyeji na wageni, na tukimaliza maziko asiyaseme mengine mtu yeyote. Na kama kuna mtu mzima hapa ambaye viatu vyake vinaongezeka namba na pete inambana bila ya yeye kunenepa, tafadhali asingoje kusifiwa, aende akapimwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Arusha na Dar es Salaam, aliyemfanyisha mazoezi ya viungo pasipo kumkatia tamaa, majirani waliomgeuza kitandani kwa zamu mume wake alipokuwa kazini, akina mama wa Kwa Mrombo waliouza ndizi zake pamoja na zao, mafundi wenzake Arnold waliomjengea njia ya kiti mlangoni, na kwaya, ambayo hadi mwezi uliopita ilifanyia mazoezi chumbani kwake.

Mama Lesian, neno lako tumelifikisha. Mzigo wa kulibeba sasa ni wetu, wewe lala salama.