Kanga Niliyoisoma Vibaya

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa ajili ya ninyi wa viti vya nyuma, mlioitikia kama watu wenye njaa. Najua jua limeshapanda na wengine mmeacha vyungu jikoni. Sitawachosha. Lakini neno hili nimelikalia miaka mingi, na huko kulikalia ndiko kulikonifunga, kwa hiyo leo nalitoa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Sifa, fundi cherehani wa hapa Kilindoni, kule nyuma ya maduka. Mume wangu ni fundi wa majokofu, na kazi yake ndiyo iliyotuleta Mafia kutoka Njombe. Nusu ya kanga zilizomo humu ndani zimepita mikononi mwangu. Mtu akinunua doti yake dukani, ananiletea niikate na kuipinda, na mimi kabla ya kupinda lazima nisome. Nimesoma kanga za kumsema mke mwenza, za kumsema jirani mdaku, za kumbembeleza mume aliyenuna. Nikajiona bingwa wa kusoma kanga. Likumbukeni hilo, maana ndipo nilipojikwaa.

Mnanijua pia kama mtu wa kanisa. Nafagia, naimba sauti ya pili, vitambaa vya madhabahu nashona mimi. Mtu angeniuliza kama nimeokoka ningejibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Lakini ndugu zangu, nilikuwa nampenda Mungu kwa kukaa barazani. Ndani sikuingia. Niliogopa!

Niliogopa kwamba nikimsogelea Mungu sana, atanichukulia mtoto wangu.

Nilipokuwa msichana mdogo kule Njombe, mama yangu alijiunga na kina mama wa maombi. Akawa mtu wa kufunga na kuomba, mchana anaingia chumbani, anapiga magoti, hata sisi watoto tunamsahau. Mvua za mwaka ule hazijaisha, baba akafariki. Siku ya msiba nilikuwa jikoni na shangazi zangu tunamenya viazi, nikawasikia wakisemezana kwamba mama ameomba mno, na kwamba Mungu akimwona mtu anamkaribia sana humpima kwa kile anachokipenda. Walisema tu, kama watu wanavyosema msibani, wakaendelea kumenya viazi. Mimi nikalibeba neno lile, nikakua nalo.

Nikaolewa. Tukakaa muda mrefu bila mtoto, na wenye midomo walisema waliyoyasema. Kisha Mungu akatupa Sifa, hapa hapa Mafia, na baada yake hatukupata mwingine. Sasa jiwekeni mahali pangu. Mkono ulionipa ndio ule ule niliokuwa nauogopa tangu utotoni. Tulipokuwa tukiimba wimbo wa kujitoa, mkifika pale pa kumpa Bwana vyote, mimi nilikuwa nachezesha midomo tu. Mwalimu wa kwaya alidhani sauti inanikauka. Akawa ananiletea tangawizi!

Na woga ukishakaribishwa haukai chumba kimoja. Sifa sikumruhusu kupanda boti hata siku moja. Bibi yake amezeeka akimwona mjukuu kwenye simu. Mume wangu akisema likizo hii twende Njombe, mimi nasema bahari imechafuka. Bahari yenyewe imetulia kama maji ya beseni, mimi nasema imechafuka. Alichoka kubishana nami.

Mwaka huu Mchungaji akaniita, akaniomba niwaongoze kina mama kwenye maombi ya Jumatano. Nikasema koo linauma. Akanisubiri, akaniuliza tena. Nikasema Idi kubwa inakaribia, nina kanga za watu mpaka darini. Mchungaji wetu mnamjua, hana papara. Akasema sawa. Jumapili iliyofuata akahubiri habari za Ibrahimu kupanda mlimani na mwanawe. Ndugu zangu, mahubiri yale mimi niliyasikia mpaka kwenye kisu. Baada ya kisu sikusikia kitu. Nilimshika Sifa mkono, nikatoka bila kumuaga mtu.

Sasa niwaambie habari za Mama Shufaa. Ni jirani yangu, nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta tu. Ni mzaliwa wa kisiwa cha Juani, ameolewa hapa. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na tunaazimana chumvi, makaa na hata watoto. Mama mkwe wake hukaa mlangoni asubuhi, na kila mtoto anayepita humwamkia. Jumatatu ile Sifa alichelewa shule, akapita mbio bila shikamoo. Mama Shufaa akasema tu, "Leo Sifa ana haraka." Nikaona haya, maana hapa pwani jambo hilo si dogo.

Kesho yake akaja na zawadi. Nilikuwa nimepinda kanga za Idi za nyumba yake yote, naye hakutaka nimalize kazi ile hivi hivi. Akanipa doti mpya, nyekundu yenye nakshi za korosho, harufu ya dukani bado imo. Nikaifungua nikasoma: MCHA MUNGU SI MTOVU.

Ndugu zangu, kwetu bara neno mtovu tulilijua kwa kazi moja tu. Mtovu wa adabu. Mtovu wa nidhamu. Ndivyo walimu walivyotuita tulipokosea. Basi mimi bingwa nikaisoma hivi: mcha Mungu hakosi adabu. Yaani wewe uendaye kanisani na mwanao asiyeamkia wazee, umejiona? Nikashukuru kwa meno. Alipoondoka nikaitupia kanga ile chini ya lundo la vitambaa, na kuanzia siku ile akinisalimu namjibu huku nakanyaga cherehani.

Siku ya Idi akaja mwenyewe na sinia la pilau. Akasimama mlangoni.

"Mama Sifa, mie nimekukosea nini? Wanuna, kisa sikijui. Na kanga yangu hata hujaijaribu."

"Mwanangu si mtovu," nikamwambia. "Alisahau kuamkia siku moja tu."

Akanitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Kisha akaweka sinia mezani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani.

"Ati mtovu wa adabu! We shoga, wapinda kanga mchana kutwa, kumbe kusoma hujui? Mtovu ni mtu alopungukiwa, asiye na kitu. Amchaye Mungu habaki mikono mitupu, ndiyo maana yake. Mie nimekuombea dua, we waona nakutukana!"

Nilitaka kucheka naye. Nikalia. Nililia mpaka yeye akaacha kucheka, akafunga mlango wateja wasinione. Maana ndugu zangu, neno lile nililokuwa nimelitupa chini ya vitambaa lilikuwa linajibu kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia yote. Shangazi, viazi, Sifa, boti, Ibrahimu na kisu chake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, "Yule mtoto alichinjwa?"

"Hapana."

"Alirudi nyumbani na babake?"

"Alirudi."

"Basi mbona hadithi waiacha kwenye kisu? Sie leo twala pilau kwa kuwa mtoto karudi."

Kwao mtoto ni Ismaili, kwetu ni Isaka. Siku ile hatukugombania jina. Nilikaa na swali lake mbele ya sinia, na pilau lenyewe likapoa. Nimekuwa kanisani tangu kuzaliwa, na kila mara nilipofika mlimani nilikuwa nafunga masikio kabla sauti haijaita kutoka mbinguni. Kama kuna mwingine humu anayefanya hivyo, leo asikilize mpaka mwisho!

Alipokuwa anaondoka akageuka. "Na mamako, umepata kumwuliza?"

Sikuwahi. Unamuuliza vipi mama yako kama maombi yake yalimuua baba yako? Lakini jioni ile, Sifa akiwa anacheza nje na akina Shufaa, nilimpigia simu. Niliuliza vibaya, kwa kugugumia.

"Mwanangu," mama akasema, "nani alikwambia niliomba ndipo baba yako akaugua? Baba yako aliugua kwanza. Tulijua sisi wawili tu. Ninyi mlikuwa wadogo, hatukutaka kuwatia hofu. Ndipo nikaenda kwa wale kina mama. Bila Mungu mwaka ule, mngezika wazazi wawili."

Bwana asifiwe! Mnaelewa nilichosikia? Niligeuza mambo juu chini. Maombi hayakuleta ule msiba. Maombi yalikuja mbele ya msiba ili mama yangu apate pa kushika. Na mimi niliyemwona amesimama, akatulea, akatusomesha, siku zote nilidhani amenyang'anywa. Kumbe alikuwa amepewa.

Nikafukua kanga yangu chini ya vitambaa. Nikaikata, nikaipinda vizuri kuliko ya mteja yeyote, nikajifunga. Nikapiga magoti pale pale kando ya cherehani. Niliogopa, siwafichi. Nikasema, "Bwana, Sifa ni wako, alikuwa wako kabla sijampata. Na mimi ni wako. Ingia mpaka ndani." Sikuanguka, sikuona mwanga. Nilipata utulivu tu, na nje nilisikia watoto wakigombania bembea. Nilikuwa na furaha. Sikuwa nimewahi kuongea na Mungu bila kuangalia mlango ulipo.

Ngojeni, haijaisha. Wiki ile ile Sifa akapata homa! Alirudi kutoka shuleni anachemka. Nikiwa kwenye benchi la hospitali nimempakata, lile neno la jikoni likarudi, likaingia bila kuvua viatu: umeona? Si ulimsogelea? Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa na vita. Zamani ningekimbia. Ningemwambia Mungu samahani, nilikosea, narudi zangu barazani. Safari hii nilikaa. Nilimshika mtoto na nikaendelea kuomba, nikasema, "Maneno yangu ya siku ya Idi siyarudishi." Niliyasema kwa sauti, hata mama aliyekaa pembeni yangu akanisogezea nafasi, akidhani nami naumwa.

Ilikuwa malaria. Akapewa dawa, akapona, akaanza kudai chapati. Nilipomsimulia Mama Shufaa vita vyangu vya kwenye benchi, akanijibu, "Mbu wa Mafia hawaulizi nani kasali jana." Nikacheka, na nilipocheka nikajua nimefunguliwa. Jumatano iliyofuata niliwaongoza kina mama. Safari hii koo halikuuma, wao ni mashahidi, na tuliomba.

Sisemi kwamba amchaye Mungu hafiwi. Mama yangu alifiwa. Sijui kesho yangu ina nini, na Mungu hajaniambia. Ninachowaambia ni kwamba nilimwogopa kama mdai mlangoni, na nilipomfungulia sikuona mdai. Wewe unayekaa barazani kama nilivyokaa, ingia. Usiishie kwenye kisu. Na kama kuna neno ulilosikia jikoni utotoni, nenda kaulize, kabla hujalijengea nyumba.

Sasa namaliza. Leo alfajiri maji yalikuwa yamejaa, nami nilikuwa gatini. Sifa amepanda boti na baba yake kwenda Nyamisati, na kutoka huko basi mpaka Njombe. Boya nilimvalisha mimi mwenyewe, maana imani haijakataza boya. Upepo upo kidogo, na mume wangu alinitazama akingoja niseme bahari imechafuka. Sikusema! Ninapoongea nanyi mtoto wangu wa pekee yuko majini.

Mnajua doti ina vipande viwili. Hiki kimoja ndicho nilichojifunga, someni wenyewe. Cha pili kiko kwenye mfuko wa Sifa, anampelekea bibi yake, na nimemwambia akifika amsomee polepole, maana hata bibi ni mtu wa bara. Itazameni mikono yangu. Sifa hayumo, na si mitupu.

Mwalimu wa kwaya, tupe ule wimbo wa kujitoa. Tangawizi leo siihitaji.