Hoteli ya Bure Mwezi wa Sita

Usinikunjie uso kabla sijafungua mdomo. Ukisikia kwamba wanaume watatu wenye mvi walitaka kwenda ncha ya dunia kwa sababu ya hesabu ya kulala, utasema bibi huyu kazeeka, anachanganya ndoto na maneno. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini masikio yangu ni mazima, na nilikuwa nimesimama palepale, birika mkononi. Kama huamini, kawaulize wenyewe. Watakana. Na mtu akikana kabla hujamaliza swali, ujue ni kweli. Basi tulia usikie.

Benchi lenyewe ni ubao wa lori bovu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wangu, kati ya mlango wa nyumba yangu na mlango wa kinyozi. Umebonyea katikati, kwa hiyo anayekaa hapo huegemewa na wa kulia na wa kushoto, na hiyo ndiyo nafasi ya Mkasi, kinyozi mwenyewe, ambaye pia ni mume wangu. Kulia kwake hukaa Redio, mlinzi mstaafu aliyelinda ghala usiku miaka nenda miaka rudi, redio sikioni, na mpaka leo akiomba sukari utadhani anasoma taarifa ya habari. Kushoto hukaa Kapteni, aliyekuwa dereva wa lori. Alivuka mpaka mara moja tu maishani, wakamrudisha siku ileile, lakini ukimsikiliza utadhani mipaka yote ilichorwa yeye ameshika rula. Mimi nauza kahawa. Najua nani anataka chungu, nani anataka tangawizi, na nani anasema hataki sukari kisha anaramba kijiko. Wao wananijua kwa birika.

Sasa, binti yetu wa mwisho anakatisha tiketi za ndege mjini. Ofisini kwao kuna utaratibu: mfanyakazi akishakaa miaka kadhaa, wazazi wake wawili hupewa safari moja, nchi yoyote, mwezi wowote. Ila jibu litolewe kwa siku iliyowekwa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Siku yetu ilikuwa Ijumaa hiyo, kabla ofisi haijafungwa. Binti alikuwa amempigia baba yake akamwambia, kaa na mama, mchague mahali na mwezi. Mkasi akasikia “chagua.” Yale ya “kaa na mama” yalifagiliwa pamoja na nywele.

Nilijuaje? Ijumaa asubuhi binti alinipigia mimi, akaniuliza kama tumeshaamua. Nikamwambia baba yako anaamua na kamati yake. Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza mawili matatu niliyokuwa nayo moyoni, akanijibu, nikakata simu. Kisha nikajiwekea sharti: Mkasi nitampa muda wa birika moja. Akiniuliza ninataka kwenda wapi kabla kahawa haijaisha, tutaamua wawili. Asipouliza, shauri yake.

Nikajaza birika mpaka shingoni. Sikutaka aseme nilimpunja.

Mkasi alitoka dukani kwake na kalenda ya ukutani, ameing'oa na msumari wake. Kila mwezi una picha ya nchi ya watu. Akaiweka mapajani kama kadhi na kitabu chake.

— Mambo yote yako humu. Waliochapa hii si wajinga. Januari wameweka pwani, Julai wameweka theluji. Maana yake, ukienda pwani Julai utaikuta imefungwa.

Redio akasema pwani haifungwi, haina mlango. Halafu akatoa habari kwamba dunia ina upande wa chini, huko Australia, na wenzetu wa huko Desemba ndiyo wanatoa jasho, wakati wale wa juu wanatetemeka. Kwa hiyo hiyo kalenda, akasema, lazima kwanza ijulikane imechapwa upande gani, na kama ni ya chini, isomwe kichwa chini miguu juu. Mkasi akaigeuza. Akaitazama hivyo muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima.

Kapteni alikunywa kwanza, nikammiminia na cha pili. Yeye tatizo lake halikuwa mwezi, lilikuwa ndege.

— Ndege inakuchukua kwenye joto usiku, asubuhi inakumwaga kwenye baridi. Mkasi, umewahi kuona glasi iliyotoka kwenye moto ikitiwa barafu?

— Inapasuka.

— Haya. Na wewe ni glasi ya mwaka gani?

Mkasi akajipapasa kifua. Kapteni akaona kapata njia, akaingiza gia. Dawa, akasema, ni kwenda kwa lori, nchi baada ya nchi, mwili uzoee polepole, maana haraka haraka haina baraka, na dereva yupo, wasitafute mbali. Redio akamkumbusha kwamba katikati kuna bahari. Kapteni hakutikisika.

— Ndiyo maana tunachagua msimu. Kiangazi maji hupungua.

Nikamimina. Birika lilikuwa limefika nusu. Mkasi alikuwa bado anafunua kalenda, Agosti, Septemba, Oktoba, na alipofika Novemba nikajikuta nimesogea. Ile picha naijua, maana kalenda yenyewe ni ya zamani, imekwama ukutani kwenye Novemba, na kila jioni nikipita kufagia mle dukani naifuta vumbi. Ni Japani. Kuna miti imejaa maua mpaka majani hayaonekani, mepesi, kama povu la sabuni lenye rangi ya waridi. Chini ya miti, wanawake wanne wa rika langu wamekaa kwenye mkeka, viatu wameviweka pembeni, na mtu mwingine ameinama anawamiminia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesimama. Miaka yote hiyo nimeitazama nikitafuta kama kuna mmoja anainuka kwenda kuongeza maji. Hakuna.

Mkasi akaitupia jicho.

— Hapa wazee tu wamekaa. Hakuna cha kutazama.

Akafunua. Mimi nikapiga hatua moja nyuma na birika langu.

Ndipo Redio akakohoa, na Redio akikohoa ujue kuna habari iliyoingia hivi punde. Akasema kuna nchi inaitwa Norwe, iko juu kabisa, na sehemu zake za mwisho, mwezi wa sita, jua halizami. Wiki nzima na wiki nyingine, jua liko juu tu linakutazama. Hakuna usiku.

Hilo, mimi mwenyewe niliuliza baadaye, ni kweli. Shida ilianza pale Mkasi alipolipokea.

Akaweka kikombe chini. Nimeishi naye miaka arobaini na kitu, nikimwona anaweka kikombe chini kabla hakijaisha, najua kuna jambo linakuja na halitakuwa na faida.

— Hoteli wanatoza kwa hesabu gani?

— Kwa usiku, akasema Redio. Usiku mmoja, bei kadhaa.

— Na mwezi wa sita huko usiku haupo.

— Haupo.

— Basi watatoza nini?

Benchi zima likamgeukia Mkasi. Hata gari lililokuwa likipita nadhani lilipunguza mwendo. Kapteni akasema kumbe ndiyo maana wazee walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Walijua kuna mahali mtu anatembea bure, walikosa jina tu.

Mkasi akasema na chakula vilevile ni bure, kwa sababu hoteli huhesabu chakula cha asubuhi baada ya mtu kulala, sasa kama asubuhi haijaisha, chakula kinaisha vipi? Redio akaonya wasiende Desemba, maana kule mwezi huo jua ndilo linakataa kutoka, usiku unaungana na usiku, na ukilala usingizi mmoja ukiamka unadaiwa wiki tatu. Kapteni akamjibu kwamba hata huo wa Desemba una dawa: kama hakujakucha, huo ni usiku mmoja, lipa mmoja. Wakabishana hapo mpaka Mkasi akapata maumivu ya kichwa.

Ila Kapteni hakuwa amemaliza.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sivyo?

— Ndivyo.

— Kule siku moja ina wiki ngapi? Hilo jembe utaliona lini? Utakuwa mgeni mpaka meno ya bandia yaote mizizi.

Wakagongeana viganja. Ikapita bila kupingwa: Norwe, mwezi wa sita. Mkasi akasema atampigia binti muda si mrefu, kahawa ikiisha tu. Nikatikisa birika. Vikombe viwili, labda vitatu.

Nikasema moyoni, bado hajachelewa.

Nao wakanikumbuka. Usidhani hawakunikumbuka. Redio alisema kwenye nchi isiyo na usiku mtu atahitaji kitu cha kumkesheza, na kahawa ya watu wa huko yeye haiamini, na Kapteni akasema shemeji lazima aende, hilo halina mjadala, tena aende na jiko lake. Wakahangaika kama mkaa unaruhusiwa kwenye ndege. Mkasi akawatoa wasiwasi.

— Mkaa tutaomba kulekule. Jiko litakaa na mizigo, birika mama watoto atalipakata.

Umeelewa? Tiketi yangu ilikuwa ya jiko. Mimi nilikuwa wa kulisindikiza.

Wakati huo alifika mtu mmoja, fundi bomba, mgeni mtaani kwetu. Alikuwa amezibua mfereji kwa jirani tangu asubuhi, amenawa mpaka viwiko, akaja kukaa kwenye ncha ya benchi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Tangawizi?

— Ikiwepo.

Nikammiminia, na wale watatu nikawaongezea mpaka birika likawa jepesi. Akanywa huku akisikiliza, naye wakamweleza yote, ofisi ya binti, tiketi mbili, theluji, glasi kupasuka, bahari kupungua kiangazi, hoteli ya bure, jembe. Fundi akatingisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyezoea kuingia nyumba za watu na kukuta mambo. Kisha akanitazama mimi, akamtazama Mkasi.

— Na mama, yeye amesema anataka kwenda wapi?

Redio akaanza kutafuta kitu mfukoni. Kapteni akaitazama barabara kwa makini, kama lori lake limetokea. Mkasi ndiye aliyebaki katikati, pale palipobonyea, hana pa kuegemea, akipekua kalenda kinyumenyume mpaka ikarudi Novemba.

— Yeye hapendi safari.

— Alisema?

— Hajawahi kusema kwamba anapenda.

— Mlimuuliza?

Mkasi akageuka akanitazama. Nilikuwa nimesimama mbele yake, mdomo wa birika umeelekea kwake. Nikaona midomo yake inafunguka. Nikasema moyoni, haya, mzee, ndiyo sasa, neno moja tu.

Akanyoosha kikombe.

— Imebaki kidogo?

Niligeuza birika juu chini mbele ya kamati nzima. Likatoa tone moja, likaanguka kwenye Novemba.

Nikaingia ndani. Nikamwaga majivu, nikaweka jiko mahali pake, birika juu yake, vikombe ndani ya beseni. Nikavua malapa, nikavaa viatu vyangu vya kutokea. Binti alikuwa ameniambia asubuhi: hao wachapaji wa kalenda hubandika picha popote panapopendeza, maua yale hayana habari na Novemba. Kwenye mji wao mkubwa hufunguka mwishoni mwa Machi, yakafika Aprili kidogo, na hayakai hata wiki mbili kabla ya kupukutika. Ukikosea mwezi, unakuta miti mitupu. Nikachukua mkoba, nikatoka.

Mkasi akasimama, kalenda ikamdondoka.

— Mama watoto, unakwenda wapi?

Miaka arobaini na kitu, hatimaye kaniuliza.

— Japani, nikamwambia. Mwisho wa Machi. Sasa hivi nakwenda kumwambia binti kabla hawajafunga. Tiketi ya pili ni yako. Ukiitaka, vaa viatu, ila jiko haliendi.

Nikafunga mlango, jiko likabaki ndani.