Mshale Mara Saba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, wakuu wa idara mlioko meza kuu, wahandisi, wasoma mita, madereva, ndugu wageni waalikwa, mzee wetu fundi cherehani ambaye ndiye mume wa mwenye shughuli, na wewe mpishi wa kantini uliyejibanza pale mlangoni na mwiko wako ukidhani hatukuoni: habari za asubuhi.

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji amenionya mara mbili, mke wangu mara tatu, kwamba nisijisahau hapa mbele. Nitajitahidi. Lakini nyie, mtu ameitumikia mamlaka hii ya maji miaka thelathini na mmoja, leo tumuage kwa dakika kumi? Kompyuta yake tu ilikuwa inachukua robo saa kuamka.

Ndugu wageni, huyu tunayemuaga sisi tunamwita Shangazi. Si shangazi yangu wala wa Mkurugenzi, ila wote tunamwita hivyo, hata mlinzi wa getini aliyemzidi umri. Mnapofungua bomba jikoni mkaona maji yanatoka, mnamshukuru Mungu, na mnafanya vizuri. Lakini njiani kuna chumba kidogo cha ghorofa ya pili, chenye kiti kilichopasuka ngozi na kompyuta ya skrini nyeusi, isiyo na picha wala kipanya. Hiyo unaiandikia amri kwa maneno, mstari mmoja, unabonyeza enta, inatii. Ukiandika sawasawa pampu inawaka. Ukisahau nukta moja inakujibu kwa dharau kwamba haielewi unasema nini, na amri zenyewe nyingine ni ndefu mpaka unaishiwa pumzi kuzisoma.

Sasa mashine hiyo ina wema mmoja: haisahau. Kila amri uliyoituma inaiweka. Ukibonyeza mshale wa juu mara moja, inakuletea amri ya mwisho. Mara mbili, ile iliyoitangulia. Na kuendelea hivyo mpaka uchoke. Ukitaka kubadilisha neno moja katikati, unalibadilisha hilo tu, mengine yanabaki yalivyo. Na kama hukumbuki uliiandika lini, unaipa herufi tatu nne, yenyewe inakwenda kupekua na kurudi nayo. Shangazi alikuwa anajua mbinu zote hizo, na alikuwa akituambia kwamba mtu mwenye akili timamu haandiki amri ndefu mara mbili katika maisha yake.

Jambo hilo lilimwingia mpaka kwenye damu. Mpishi wetu ni shahidi. Saa ya chakula Shangazi alikuwa hasomi ubao wa kantini. Anafika dirishani, anasema, “Mshale mmoja,” maana yake nipe kama jana. “Mishale miwili,” kama juzi. Jumatatu moja akasema mshale mmoja, mpishi akamwambia Jumapili hatukupika; Shangazi akamwambia siku ambazo hukupika hazihesabiki, mshale mmoja ni Ijumaa. Wakabishana hapo dirishani, foleni nyuma yao watu ishirini na wawili wenye njaa, mpaka mhandisi mkuu akaja kuamua. Akaamua vibaya, kwa hiyo wote wawili wakamnunia yeye.

Na nyumbani je? Mzee fundi cherehani, naomba ruhusa yako nilisimulie hili. Aliwahi kuniambia, sindano mdomoni, akinipima suruali: “Mwanangu, mke wangu hana ugomvi mpya. Anaurudisha ule wa mwaka tuliooana, anabadilisha tarehe, anaubonyeza.” Nacheka, lakini nilipofika kwangu jioni ile niligundua kwamba hata mimi ninao mmoja wa namna hiyo, na nilikuwa nimeshautumia mara nne.

Pamoja na uvivu huo wa kupendeza, Shangazi alikuwa na sharti moja tu, na hilo hakuwa na mchezo nalo. Aliliandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, akaibandika juu ya skrini: SOMA KWANZA, NDIPO UBONYEZE. Alisema mashine inakuletea ulichowahi kusema, haikuulizi kama bado unakitaka. Ukibonyeza hujasoma, lawama ni yako.

Na hapa, Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba unywe maji kidogo.

Nilianza kazi hapa miaka tisa iliyopita, kijana mwenye vyeti vingi na tai fupi, katika kipindi cha majaribio cha miezi sita. Nilikabidhiwa kwa Shangazi. Nikaona kila asubuhi anatuma amri zilezile saba, kwa mpangilio uleule, na ya kwanza kati ya hizo ni ripoti ya kina cha maji kwenye tangi kuu. Kwa hiyo mimi nikija baada yake, nikitaka ripoti hiyo, ni mshale mara saba, basi. Kwa nini nisome? Nilihesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka saba, enta. Ndani ya miezi mitatu sikuwa nimeandika amri hata moja kwa vidole vyangu, na kila mtu alinisifu kwa wepesi.

Halafu ikaja siku ya mazoezi ya dharura. Wakubwa mnakumbuka: tulijifanya bomba kuu limepasuka. Waya unaopeleka ujumbe kwa wateja ulichomolewa, Shangazi akaandika tangazo zima kana kwamba ni kweli, akabonyeza, halikwenda kokote, tukapigiana makofi. Kesho yake asubuhi waya ukarudishwa mahali pake. Na asubuhi hiyo Shangazi alikuwa bado hajafika, kwa sababu alikuwa amempeleka mzee kliniki ya macho, kwa ruhusa ya mdomo ya msimamizi wa zamu.

Mmeshaanza kuelewa, naona. Zile amri saba za asubuhi hazikuwepo, kwa kuwa mwenyewe hakuwepo wa kuzituma. Mimi nikaingia na kikombe changu cha chai, nikaketi, nikahesabu mishale saba, enta. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Mashine ikanijibu: ujumbe umetumwa kwa wateja elfu kumi na nne mia mbili na sita. Nami, msomi, nikajiuliza: tangi limeanza lini kuwa na wateja?

Ujumbe wenyewe ndio lile tangazo la mazoezi ya jana, lililoangukia mshale wa saba, na ulisema hivi: “Ndugu mteja, maji yatakatika kwa siku saba kuanzia saa sita mchana wa leo.”

Mnajua kilichotokea. Mlikuwepo, wengine mlikuwa na ndoo. Mji mzima ulifungua mabomba kwa wakati mmoja. Watu walijaza mapipa, masufuria, mabeseni ya kufulia. Kinyozi wa mtaa wetu alijaza hata lile deli la barafu la jirani yake. Mke wangu, ambaye leo ndiyo anasikia habari hii, naomba usinyanyuke, alijaza ndoo nane, chupa ya chai na viatu vyangu vya mvua, akanipigia simu: “Wewe mwanaume, ofisi yenu inakata maji siku saba, umeshindwa hata kunidokeza?” Nikamjibu kwamba hizo ni siri za kazi. Ilipofika saa tano na nusu, tangi lililokuwa limejaa mpaka juu lilikuwa tupu, na maji yakakatika kweli. Yaani tulitangaza saa sita, yakakatika nusu saa kabla. Mteja mmoja aliandika barua ya pongezi kwamba kwa mara ya kwanza mamlaka imesema jambo likatimia, tena mapema.

Mtauliza, kwa nini sikutuma kanusho saa ileile? Ndugu zangu, sikujua kuandika! Nilijua kubonyeza mshale. Nikapanda juu, nikapanda, nikatafuta katika amri zote ambazo mashine imeziweka tangu ilipofungwa, nipate moja tu ya kuwaomba radhi wateja niibadilishe neno. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, haikuwepo. Ofisi yetu haikuwahi kumwomba mtu radhi.

Shangazi alifika nikiwa bado napanda. Aliniangalia, akaniondoa kwenye kiti kwa kunigusa bega, akasoma yaliyotokea. Hakunigombeza. Akaandika kwa vidole viwili, herufi kwa herufi, mstari mpya kabisa: kwamba tumekosea, maji hayakukusudiwa kukatika, tunaomba mtuwie radhi na mfunge mabomba. Ndiyo ilikuwa radhi ya kwanza ya mamlaka hii. Nimeangalia jana: tangu siku hiyo imerudishwa na kutumika mara mia moja na arobaini na mbili, tarehe tu ndiyo inabadilishwa.

Kikaja kikao cha kamati ya uchunguzi. Kwenye mashine ya chumba kile wote tulikuwa tunaingia kwa jina moja la pamoja, kwa hiyo mashine ilijua saa, ila haikujua mtu. Orodha ya zamu ilisema Shangazi. Msimamizi aliyempa ruhusa kwa mdomo akasema hakumbuki kumpa. Mwenyekiti wa kamati, ambaye leo ndiye Mkurugenzi Mkuu wetu, akauliza nani alibonyeza. Nilikuwa nimefungua mdomo, nawaapia, nilikuwa nimeufungua, na Shangazi akasema, “Ni mimi.”

Nilimfuata kwenye ngazi. Akaniambia, “Wewe una miezi mitatu hapa na mkeo anakaribia kujifungua. Wakikuandikia barua wewe, kesho uko nyumbani. Mimi wakiniandikia ni karatasi tu. Nenda ukajifunze kusoma.”

Haikuwa karatasi tu. Miaka mitatu baadaye nafasi ya Mkuu wa Kitengo ikatangazwa. Jina la kwanza lilikuwa la Shangazi. Likakatwa, kwa sababu kwenye jalada lake kulikuwa na barua ya onyo kwa uzembe. Jina la pili lilikuwa langu. Nilikwenda kwake nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Akanijibu, “Ukisema leo watatuondoa wote wawili, wewe kwa kuficha na mimi kwa kuidanganya kamati. Ngoja nistaafu. Nikishatoka, sema unavyotaka.” Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu alinikataza, ndiyo, lakini pia kwa sababu kile cheo nilikipenda. Nimekaa miaka sita nikimwelekeza kazi mtu aliyenifundisha kazi, na kila asubuhi alinisalimia kwanza yeye, akiniita Bosi, akicheka. Mimi nilikuwa naona haya mpaka masikio yananiwaka.

Shangazi, tulia. Naona unanipungia mkono ninyamaze. Leo huwezi kunikataza. Mheshimiwa Mkurugenzi ametia sahihi karatasi zako saa nne na nusu, na sasa ni saa tano. Umeshatoka.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nina karatasi mbili hapa. Ya kwanza ni kadi ya kliniki ya macho, yenye tarehe ile na muhuri wa saa mbili na nusu, na jina la aliyemsindikiza mgonjwa. Mzee fundi cherehani aliihifadhi miaka tisa ndani ya droo ya vifungo. Juzi nilipokwenda kuchukua suruali hii niliyovaa, aliniwekea mfukoni. Nadhani na yeye alikuwa amechoka kunisubiri. Ya pili ni barua yangu yenye sahihi yangu, inayosema nani alibonyeza. Naomba barua ya onyo itolewe kwenye jalada lake kabla halijafungwa leo jioni na kupelekwa chumba cha kumbukumbu, ambako hakuna atakayelifungua tena. Kuhusu mimi, mtaamua wenyewe, na mkiamua niondoke nitaelewa. Mke wangu, viatu vya mvua tutaviongelea nyumbani.

Wahandisi, wasoma mita, madereva, nawashukuru kwa kucheka pale mlipocheka, na zaidi kwa kuacha kucheka mlipoacha. Mheshimiwa Mwenyekiti, nimezidisha dakika, mniwie radhi.

Nimebakiwa na ombi moja. Pale meza kuu kuna kiti kitupu, ndicho nilichokuwa nimekikalia, na kwenye egemeo kimebandikwa Mkuu wa Kitengo. Mimi sirudi kukaa pale. Shangazi, nyanyuka huko nyuma ulikopangiwa, pita hapa katikati watu wakuone, uje ukikalie. Sisi wengine tutasimama mpaka uketi. Ahsanteni nyote kwa masikio yenu na kwa subira yenu.