Dada Profesa na Mstari Uliobaki Wazi

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi kitinda mimba nisome historia hii, nadhani kwa sababu nimezunguka kwingi na maneno hayaniishi, basi mnivumilie, kusimama mahali pamoja sijazoea.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate la baba, mtoto wa kwanza kati ya watatu, na mama alisema alitoka na haraka ambayo hakuiacha tena. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, akaingia chuo cha udaktari mwaka uliofuata, na alikuwa huko Agosti 1979 wakati baba, mwembamba kama ufito, alipofariki kwa kisukari, watu wakanong'ona msibani wakiulizana, huo si ugonjwa wa wanene jamani, na swali hilo likamnyima raha maisha yake yote.

Alihitimu mwaka 1982, akawa profesa mwaka 2001, akazeeka akichungulia seli za mafuta katika maabara ya ghorofa ya tatu, akitufundisha hata mezani kwamba seli hiyo ni ghala, mwingine kajaliwa kubwa, mwingine dogo, na ghala likijaa, mafuta huhamia kwenye ini na kongosho, sukari ikapanda, hata kwa mwembamba kama baba. Ukoo mzima aliuandika katika daftari lake, mtu mmoja mstari mmoja, na futi kamba ya fundi cherehani haikutoka mkobani, alipima viuno hadi harusini, bibi harusi mwenyewe hakusalimika. Mstari uliobaki wazi ni wangu, maana kila aliponiita anipime kiuno na damu nilikuwa na safari, na nyingine, niseme ukweli mbele yake, nilizitunga, naye alikuwa akinipigia simu kuniuliza, wewe kitambi, unanikimbia mimi au unamkimbia baba, nami nikicheka, nikikata.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1986 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, aliyezoea kukaa mezani peke yake kwa kuwa mkewe alikula amesimama, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa muuguzi, mdogo fundi umeme.

Aliugua Januari 2023, saratani ya kongosho, akaendelea kusahihisha kazi za wanafunzi kitandani, na tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, aliomba mkono wangu, nikadhani anataka nimshike, kumbe anatafuta mshipa anitoe damu, nikauvuta mkono, nikamwambia kesho. Kesho yake, saa moja asubuhi, alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, na wenzake wa maabara waliotuletea daftari. Jana binti yake muuguzi alinitoa damu, akanipima kiuno, sentimita mia moja na kumi na mbili, ameandika daftarini, majibu ya sukari ni Jumatatu, na tiketi yangu ya Jumapili nimeirudisha. Dada, safari hii nimetulia, tulia na wewe, upumzike kwa amani.