Hina ya Rugaya Haitiwi Jiwe

Sogeeni wanangu, Bakri na Amna, na wewe mjukuu wangu Rugaya kaa hapa kitandani, maana sauti yangu mnaijua, haifiki mbali. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, nasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Kwenye mashine ya kusafisha damu sirudi tena, daktari mwenyewe amesema moyo umechoka. Bakri, figo yako uliyotaka kunipa ibaki hapo hapo ilipo, una watoto wa kulea. Nyumba hii mgawane kama Mungu alivyoagiza, na asiyeridhika akamlalamikie Yeye.

Sasa nisikilizeni. Jana mlidhani nimelala, kumbe nasikia kila kitu. Ihsan, binti wa Nafisa, alikuja na bakuli lake la hina kumpamba bibi harusi wetu Rugaya, na wewe Bakri ukamfungia mlango, eti, "Mama yako ndiye aliyemmaliza mama yangu, hapa hutii mguu!" Baadaye nikamsikia Rugaya akicheka na wenzake huko jikoni: "Basi tutapakana wenyewe, jiwe la rangi la kutia kwenye hina tumeshalipata sokoni, dakika chache tu mkono mweusi tititi." Umeona, mwanangu? Umemfukuza mtoto wa Nafisa, ukaliingiza jiwe ndani ya nyumba yangu!

Kovu hili la shingo mnalijua, lakini habari yake mmeisikia nusu nusu. Nilikuwa mtoto, nyumba imejaa wanawake wa harusi, na Nafisa, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyekuwa fundi wa hina wa mtaa wetu hapa Omdurman. Aliukoroga unga wa jiwe la rangi katika glasi ya chai, kama walivyofanya wote, maana hina tupu inataka siku kadhaa ikolee na wenye harusi hawana subira. Nikatoka kucheza, kiu imenishika, nikaiona ile glasi, nikadhani ni chai ya rangi iliyopoa. Nikainywa yote kwa mkupuo. Haikufika alasiri, uso ukavimba nisione, ulimi ukajaa kinywa, pumzi haipiti. Nafisa alinibeba mgongoni akakimbia peku huku analia, mpaka hospitali, wakanitoboa koo nikapumua. Mkojo ulitoka mweusi, kisha ukakatika kabisa. Nilipopona baba alichinja kondoo, tukadhani yameisha.

Hayakuisha. Sauti ikabaki hii, ya mbuzi mwenye mafua. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema amebahatika kupata mke asiyeweza kumpigia kelele, nami nikicheka naye, lakini iliniuma jamani, maana nilipenda mno kuimba harusini. Presha ilinianza nikiwa na mimba yako, Amna, miguu ikavimba, na aliyekufuata nilimzika hajapewa jina. Figo zilijeruhiwa siku ile ile, zikawa zinakufa polepole, mimi napika, nalea, sina habari.

Nafisa hakuligusa jiwe tena, wala hakumruhusu Ihsan aliguse. Wateja wote walimhama, wakisema hina yake haikolei upesi, akafa maskini. Mpaka anakufa alikuwa akija kunisuka nywele, na nilimsamehe kwa mdomo wangu. Sasa chuki hiyo, Bakri, umeirithi kwa nani? Kwangu mimi hukuirithi!

Nilowesheni midomo kidogo... basi, yatosha.

Amna, hilo jiwe limefichwa kabatini nyuma ya vikombe, huko huko watoto wanakochukua vikombe vya maji. Litoe sasa hivi, ukalifukie kwenye shimo refu, mbali na kisima. Rugaya, usilie. Hina yako irudiwe mara mbili, mara tatu, kisha ukae kwenye moshi wa mti wa talha kama maharusi wote wa kwetu, itakolea tu. Na mwanamume atakayeukimbia mkono mwekundu, mwache akimbie. Harusi haiahirishwi. Nikitangulia, nizikeni asubuhi, halafu muimbe... muimbe kwa nguvu, na ile sehemu yangu niliyonyimwa.

Mungu awape afya, wanangu. Awape watoto wazima... awape subira.

Bakri, mbona bado umekaa? Nenda kwa Ihsan, umwombe radhi wewe mwenyewe, usimtume mtu. Vaa viatu, baba. Nataka aje... aje nikiwa bado namtambua.