Nukta ya Mjomba

Benchi la kijiwe kile ni ubao mmoja juu ya matofali, kati ya kibanda cha fundi viatu na gereji ya pikipiki. Wa pembeni akiinuka bila kuaga, wa pembeni ya pili hujikuta chini. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, katikati ya ubao alikaa Msomi, binti wa mtaa huohuo aliye mwaka wa tatu chuoni, kompyuta mapajani. Saa nane mchana alitakiwa asimame mbele ya mhadhiri wa takwimu na kuonyesha kwamba kahawa huongeza bidii ya kazi. Somo hilo alishafeli mara moja. Akifeli tena, anarudia mwaka mzima pamoja na waliokuwa nyuma yake. Hitimisho alikuwa ameliandika wiki iliyopita na alilipenda. Lilibaki jedwali tu, na jedwali lilikuwa limemgeuka.

— Mbona umenuna, binti? aliuliza Wakili. Wakili ni fundi viatu; jina hilo alipewa kwa sababu tangu afungue kibanda hajawahi kukiri kosa.

— Kompyuta inasema kadiri mtu anavyokunywa kahawa, ndivyo bidii inavyopungua.

Mama Birika, mwenye kahawa, aliacha kumimina.

— Inasema hivyo mbele ya wateja wangu?

— Sisemi mimi, mama. Ni hesabu.

— Hebu tuone hiyo hesabu, alisema Spana wa gereji, akafuta mafuta mikononi kwa suruali. Kama ni mstari ndio unashuka, si ugeuze kompyuta? Upande huu unashuka, upande ule unapanda.

Msomi hakugeuza. Aliwaonyesha kioo. Mafundi thelathini wa mtaa, kila mmoja nukta yake. Chini, vikombe vya kahawa kwa siku. Kando, bidii ya kazi, moja hadi kumi, kama kila mtu alivyojipa mwenyewe. Nukta ishirini na tisa zilijipanga juu kabisa, zimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Moja ilikuwa peke yake, mbali, chini kulia.

— Hizi za juu ni nini? aliuliza Spana.

— Ni nyinyi. Wote mlijipa kumi.

Hapo ndipo Msomi alipokumbuka siku ya kukusanya majibu. Alikuwa amewauliza hapohapo kijiweni, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Wakili alijibu wa kwanza: kumi. Baada ya hapo nani angesema tisa, Wakili akimtazama?

— Na huyu wa chini? aliuliza Wakili. Huyu mhalifu ni nani?

Hakuna aliyehitaji kujibiwa. Wote waligeukia ubavuni mwa Msomi, alikokaa Mjomba, fundi cherehani, kaka wa mama yake Msomi. Siku ile alichelewa kufika. Alisema vikombe saba, bidii nne, akaomba kikombe cha nane.

— Nilisema ukweli, alisema Mjomba.

— Nani alikuuliza ukweli? alisema Spana. Uliulizwa alama.

— Mfute, alisema Wakili. Mtu mmoja hawezi kuwachafua watu ishirini na tisa. Hata mahakamani haiwezekani.

— Mahakamani uliingia lini wewe?

— Mama Birika, usitoke nje ya mada.

— Mnanifuta nami nimekaa hapa nawasikia, alisema Mjomba.

— Tunakufuta kwenye kompyuta tu, kaka, alisema Wakili. Benchini utaendelea.

Spana alikuwa na njia nyingine.

— Asifutwe, aongezewe. Kanywa zaidi ya wote, basi mpe kumi na nne.

— Kipimo kinaishia kumi, alisema Msomi.

— Nani alikiwekea mwisho hapo?

— Mimi.

— Basi kivute. Kipimo chako mwenyewe kinakutisha?

— Au mgawe, alisema Mama Birika, ambaye sasa alikuwa anatetea birika lake. Kuna Mjomba kabla ya kahawa na Mjomba baada ya kahawa. Watu wawili hao. Wa asubuhi mpe mbili, wa mchana mpe kumi.

— Mchana ndio nalala, alisema Mjomba.

— Mwandike marehemu, alisema Wakili. Anatoka kwenye hesabu kwa heshima, na hakuna mhadhiri wa kuuliza maswali.

— Marehemu wa vikombe saba kwa siku?

— Ndivyo vilivyomuua.

Mama Birika alisema hiyo ni mbaya kuliko ya mwanzo.

Msomi alitazama saa ya kompyuta, kisha akamtazama mjomba wake. Huyu ndiye aliyemshonea sare ya shule, ikachelewa muhula mzima. Nne ilikuwa alama ya haki.

— Mjomba, unisamehe.

— Futa, mwanangu. Nimeshazoea kuachwa nje.

Alifuta. Nukta ya chini ikatoweka. Akabonyeza kukokotoa, na benchi zima likainamia kioo. Kompyuta ilifikiri kidogo, ikaandika kwamba haiwezi kukokotoa.

— Imeharibika, alisema Spana. Niletee bisibisi.

— Haijaharibika, alisema Msomi polepole. Wote mna kumi. Mwenye kikombe kimoja kumi, mwenye sita kumi. Hakuna kinachobadilika, kwa hiyo haina cha kulinganisha. Aliyekuwa na habari ni Mjomba peke yake.

— Yaani sisi ishirini na tisa hatuna habari? alisema Wakili. Hayo ni matusi ya kitaalamu.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua kijiweni, mkononi mfuko mtupu. Alitazama kufuli la kibanda cha viatu, akageukia benchi.

— Hamjambo jamani. Samahani, fundi wa hapa hufanya kazi saa ngapi? Leo ni mara ya tatu nafuata viatu vyangu.

Spana alikumbuka kuna pikipiki inamsubiri gereji, ila hakuondoka. Mama Birika akamtazama Wakili. Wakili akatazama ndani ya kikombe.

— Msiniulize mimi, alisema Mjomba. Mimi nina nne.

Msomi alirudisha nukta ya chini. Kisha akafungua ukurasa wenye hitimisho, akalichagua lote, akalifuta. Akafungua jedwali jipya, lisilo na jina la mtu hata mmoja wa benchini. Hadi saa nane bado palikuwa na muda wa kuzunguka mtaa na kuwauliza wateja, mmojammoja, mbali na hapa.

— Karibu huku kando, mama, alisema, akamwongoza hadi upande wa pili wa barabara. Fundi wako wa viatu. Kwa bidii ya kazi, moja hadi kumi, unampa ngapi?

Kule benchini, Wakili aliinuka ghafla ili asikie, na Spana, aliyekaa ncha ya pili ya ubao, akaanguka.

Mwanamke alimtazama yule aliyeinuka, kikombe mkononi, ufunguo wa kibanda ukining'inia kiunoni.

— Ni lazima kuanzia moja?

Msomi alirudi kwenye kipimo chake, akafuta moja, akaandika sifuri.