Mfupa wa Mguu wa Solange

Benchi la Adolphine, muuza kahawa wa Baraka, lina mguu mmoja uliogangwa kwa kamba ya chandarua, na bado linabeba wanaume wazima waliokosa kazi ya kufanya. Asubuhi hiyo Fabien, baba yake Rosette, alikaa pembeni, kahawa ikimpoa mkononi. Kesho mkewe Solange anapelekwa Bukavu kukatwa uvimbe uliomla taya, na roho ya Fabien haikuwa mahali pake. Jamani, ukipeleka huzuni kijiweni hupati wa kukupa pole, unapata wataalamu.

— Banatoa mufupa ku muguu yake, alisema Fabien, banaiweka mu taya. Zamani balikuwa banaweka chuma, kisha chuma inatoboa shavu. Sasa mufupa inaenda na mushipa yake. Banaishona ku shingo, inakunywa damu, inaishi.

— Muguu mu mudomo! alifoka Nicolas, aitwaye Seneta ingawa hata uchifu wa mtaa ulimshinda. Aliye juu mungoje chini, Papa Rosette. Leo wa chini anapanda!

— Ulimi hauna mufupa, akadakia Willy, Pasteri Bila Kanisa. Ukiupatia muguu kuwa jirani, mama ataanza kusema hapa Baraka, amalize kule Nundu.

— Na mvua ikinyesha, akaongeza Seneta, kidevu kitaomba kuvalishwa botte ya mpira!

Wakacheka. Fabien hakucheka.

— Mi nilibaambia banganga bakamate muguu yangu. Balikatala. Eti mwili yake haitapokea mufupa ya mugeni.

— Mugeni? Pasteri alisimama. We bwana yake? Biblia inasema bibi na bwana ni mwili moja! Ule munganga hakusoma.

Mama mmoja aliyeshuka kutoka Misisi, furushi miguuni, alikuwa akinywa amesimama. Akauliza:

— Papa, mbele ya kushikwa na ugonjwa, mama alikuwaka anacheka namna gani?

Fabien alikiweka kikombe chini. Miaka yote hii Solange amefunika uso kwa kitenge, anakula peke yake nyuma ya nyumba. Picha ya ndoa waliiacha kijijini Lubondja siku ya kukimbia vita. Fabien alikitafuta kicheko kile, akaona kitenge tu. Akamgeukia Seneta, aliyewasimamia harusi. Seneta akainamia kikombe chake. Pasteri akakaa.

— Nimesahau, alisema Fabien, machozi yakimtoka mbele ya watu. Banganga bakiniuliza sura ya kumurudishia, nitabaambia nini?

Adolphine aliinamisha termosi, ikatoa tone moja. Hakuna aliyeomba nyingine.